Ndege ya kubembea huanzia kwenye matao

Seremala akiletewa kazi ya ndege ya mbao ya kumbembeza mtoto, macho yake hukimbilia juu: pua ichongoke kiasi gani, mabawa yawe marefu vipi, mkia upakwe rangi ipi. Mteja naye ni hivyo hivyo. Anaonyesha picha kwenye simu, anasema, "Fundi, nataka kama hii," na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Wakati huo huo, chini ya ndege ile picha inaonyesha vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa mviringo, na hivyo ndivyo vitakavyoamua kama mtoto atacheka au ataangukia uso. Mtoto wa miaka mitatu hana habari kama alichokalia ni Airbus au Cessna. Anachotaka ni chombo kimpandishe, kimshushe, kimrudishe katikati bila kumtupa, leo na kesho, na hata baada ya miezi sita, mvua zikishapita na mbao zikishavimba na kusinyaa.

Kusini-magharibi mwa Uganda kazi hii ina mahali pake pa pekee. Huko wilayani Isingiro kuna Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na leo yanahesabiwa kati ya makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wanaishi humo, zaidi ya watu laki moja, na Wakongo na Warundi wengi wanaelewana kwa Kiswahili. Huko Base Camp, Juru au Rubondo, ndege kwa mtoto si mapambo tu. Ndicho chombo kilichomchukua rafiki yake wa jirani. Familia inayosubiri kuhamishiwa nchi nyingine hupitia mahojiano kwa miaka, hupimwa afya, hupewa mfuko wa shirika la uhamiaji la IOM, hupanda basi kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, na hapo huwa ndiyo kwaheri. Mwezi Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wapo waliokuwa wamekwishapewa tarehe ya safari wakabaki wameketi juu ya mizigo.

Kwa sababu hiyo kuna jambo moja la kuamua hata kabla ya kununua mbao. Ndege ya mtoto isiandikwe jina la mahali ambako wazazi wanasubiri kwenda. Isiandikwe Ohio wala Kanada. Mzigo wa kungoja ni wa watu wazima, na mtoto akiachiwa ndege isiyo na jina ataipeleka mwenyewe anakotaka: kwa bibi yake, sokoni, ziwani, popote. Mwenye kutaka kuipamba ana mfano mzuri karibu. Shirika la Uganda Airlines, lililofufuliwa na kuanza tena safari zake tarehe 28 Agosti 2019, linabeba korongo mwenye taji, yule yule aliye kwenye bendera ya taifa. Korongo huyo, pamoja na rangi nyeusi, njano na nyekundu juu ya weupe, anatosha kabisa.

Turudi chini, kwenye matao, maana hapo ndipo penye kazi.

Tao ni kipande cha duara. Swali la kwanza la fundi liwe: duara hilo ni kubwa kiasi gani? Wengi hulichora kwa kukisia, au kwa kuzungusha ukingo wa beseni, wakapata tao lililopinda sana. Tao la namna hiyo linapendeza kulitazama lakini ni hatari, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Kitu kinachobembea juu ya tao kinajirudisha chenyewe maadamu mahali uzito wote unapokusanyika pako chini ya kitovu cha lile duara. Pakipanda juu ya kitovu, chombo hakirudi tena, kinapinduka. Sasa tuchukue kipimo cha futi nne kutoka kitovu hadi ukingo wa duara. Kitovu cha duara lake kiko karibu sentimita 122 kutoka sakafuni. Mtoto wa kilo 14 akikaa kwenye kiti chenye kimo cha sentimita 28, juu ya ndege ya kilo 10, uzito wao wa pamoja unakusanyika kama sentimita 35 kutoka sakafuni. Pengo ni kubwa mno, na ndege itamrudisha kila mara. Hata akikaidi akasimama juu ya kiti, na watoto husimama, uzito utapanda hadi kama sentimita 53 tu. Lakini mtoto huyo huyo akisimama kwenye ndege ambayo tao lake lilichorwa kwa futi moja na nusu, kitovu kiko sentimita 46, na yeye ameshakipita. Ndege mbili zinaweza kufanana pua na mkia, moja ikawa ya kucheza na nyingine ya kuvunja meno.

Kuchora tao la futi nne hakuhitaji kifaa cha duka. Msumari mmoja unapigwa kwenye ardhi ngumu au kwenye benchi refu, kamba isiyonyumbuka inafungwa hapo, penseli inafungwa upande wa pili kwa umbali wa futi nne kamili, kisha inapitishwa juu ya ubao uliolazwa. Kamba ya nailoni inavutika, kwa hiyo waya mwembamba au kipande kirefu cha ubao chenye matobo mawili ni bora zaidi. Tao lenye urefu wa sentimita 90 likichorwa hivyo, ncha zake zitakuwa zimeinuka karibu sentimita tisa kutoka usawa wa katikati. Sehemu ya juu ya tao iachwe imenyooka. Kipande kizima kitakuwa na umbo kama tumbo la mtumbwi, katikati kina kina cha sentimita 14 na ncha zimebaki na sentimita tano. Umbo hili lina faida mbili: nyuzi za mbao zinapita moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha bila kukatwakatwa, na juu kuna ukingo ulionyooka wa kufungia viungo vya kukingama.

Sentimita tano za mwisho, mbele na nyuma, zisifuate duara. Zikatwe zimenyooka. Ndege ikiinama hadi hapo, ambapo ni kama nyuzi 19 za mwinamo, itagusa sakafu kwa sehemu bapa na kusita. Mtoto atahisi amefika mwisho wa safari yake, na nguvu ya kuipindua kutoka hapo hana.

Watu hudhani kwamba bila msumeno wa umeme tao haliwezekani. Nakivale kuna karakana nyingi zisizo na umeme wa uhakika, na jambo hili huwakatisha tamaa mafundi bure. Tao la ndege limebinuka kuelekea nje, na mviringo mpana unaobinuka nje hupigwa kwa randa ya kawaida. Msumeno wa mkono unakata pembe kwa mistari minne au mitano iliyonyooka, nje kidogo ya mstari wa penseli, kisha randa inamalizia hadi mstari wenyewe. La muhimu kuliko yote ni kwamba matao mawili yabanwe pamoja na kupigwa randa kama kitu kimoja. Tao la kushoto likizidi la kulia kwa nusu sentimita tu, ndege itakwenda upande, na kila baada ya dakika chache mzazi atakuwa anaivuta kutoka ukutani.

Kuhusu mbao zenyewe. Maduka ya mbao ya jiji la Mbarara huuza mbao za inchi 12 kwa 1, zenye urefu wa futi 14, na ubao mmoja wa namna hiyo unatosha ndege nzima ukikatwa kwa akili. Asiye na uhakika wa mkono wake aongeze kipande cha futi nne. Paini ndiyo rahisi kupatikana. Msitu wa hifadhi wa Rwoho, ulio chini ya mamlaka ya misitu ya NFA, umepandwa paini kwa wingi, na mbao zake ni nyepesi, zinapokea randa na skrubu bila ugomvi. Mkaratusi ni mzito na mgumu zaidi, unafaa matao, ila ukiwa mbichi unapasuka na kujikunja vibaya. Musizi ni mwepesi na unang'aa vizuri ukipigwa msasa. Mvule ni mti wa heshima, lakini vumbi lake linawasha ngozi, macho na kifua, kwa hiyo anayeuranda afunge pua na mdomo na asifanye kazi hiyo watoto wakiwa karibu.

Wale ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, waliporuka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao ilikuwa ya mbao na kitambaa. Waliutumia mti wa sprusi kwa sababu ni mwepesi na nyuzi zake zimenyooka. Miaka 37 baadaye Waingereza waliirusha de Havilland Mosquito, ndege ya vita ya mbao, na sehemu zake nyingi ziliundwa na watu waliokuwa wakitengeneza makabati na viti kabla ya vita. Hakuna sababu ya seremala wa Kakoba, Mbarara, au wa Juru kuiona ndege ya mbao kuwa jambo la kigeni kwa mkono wake. Na kanuni yao ya kuchagua mbao inamhusu yeye pia: nyuzi zinyooke, zisiwe na fundo, hasa katikati ya tao na mahali skrubu zinapoingia. Fundo likikaa hapo, ndipo mbao itakapokatikia.

Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Fundi azipange chini ya paa kwa wiki kadhaa, akiweka vijiti katikati ili upepo upite. Asizianike juani. Mbao mbichi ikikazwa skrubu leo, itasinyaa kesho na skrubu itabaki ikicheza ndani ya tobo.

Zipo mbao ambazo hazifai hata zikitolewa bure. Mabaki ya nguzo za umeme ni ya kwanza. Nguzo hizo hupikwa kwa dawa ili zisiliwe na mchwa. Zile zenye ukijani zina shaba, kromiamu na aseniki, na zile nyeusi zenye harufu zimelowekwa kwenye kreosoti. Mtoto huguguna kila kitu, na ukingo wa bawa utafika mdomoni. Mbao za chaga za kupakilia mizigo zinatumika sana kwa sababu ni rahisi, na baadhi yake ni nzuri. Kila chaga ya safari za kimataifa ina muhuri wenye alama ya shuke la ngano. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa joto tu, na hizo zinafaa. Herufi MB zinaonyesha zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, na hizo ziachwe. Isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, iende kwenye kazi nyingine.

Ubao wa inchi moja, ukishapigwa randa, hubaki na unene wa sentimita mbili na kidogo. Ni mwembamba kwa tao. Sakafu ya nyumba nyingi za Nakivale ni udongo, na tao jembamba litajichimbia mtaro ndani ya siku chache. Kwa hiyo kila tao liundwe kwa mbao mbili zilizogundishwa ubavu kwa ubavu, zitoe upana wa sentimita nne na nusu. Gundi nyeupe ya maseremala ni nzuri mno ikibanwa vizuri usiku kucha. Fundi asiye na vibano vya chuma achukue tyubu kuukuu ya baiskeli, aikate iwe utepe mrefu, na kuizungusha huku akiivuta kwa nguvu kutoka ncha hadi ncha. Mpira unabana sawasawa kila mahali, pengine kuliko kibano.

Mpira una kazi ya pili pia, na hapa Wakongo wa Nakivale ni walimu. Wengi wanatoka Kivu, nchi ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayoshushwa milimani ikiwa na mamia ya kilo za viazi, makaa na kabichi. Mji wa Goma umeijengea sanamu kubwa. Chukudu huchongwa kwa mkaratusi na mti mgumu wa mumba, na magurudumu yake ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu ili yasiliwe na barabara ya mawe ya volkano. Maarifa yale yale yahamishiwe kwenye ndege. Utepe wa mpira ukigundishwa chini ya tao, ndege haitateleza juu ya sementi, haitapiga kelele, na kidole cha mguu kikikanyagwa hakitaumia sana. Vijisumari vipigwe kwenye ncha mbili na ubavuni tu, visiwekwe kabisa pale tao linapokanyaga sakafu.

Mwili wa ndege sasa unakuja kwa urahisi. Matao mawili yawekwe kwa upana wa sentimita 40 kutoka nje hadi nje, yaunganishwe kwa viungo vitatu vya kukingama. Juu yake zisimame mbao mbili za ubavuni, kila moja urefu wa sentimita 75 na kimo cha 15, zikikaribiana kuelekea puani. Kiti kiwe sentimita 28 kutoka sakafuni, na kikae nyuma kidogo ya katikati ya tao, kwa sababu pua, mabawa na propela vinavuta mbele. Egemeo la mgongo liwe na kimo cha sentimita 25 hadi 30. Mbele ya kiti upite mti wa duara wa kushikia, mnene kiasi cha kujaa kiganja cha mtoto, ambao ni kama sentimita mbili na nusu. Miguu ipate mahali pa kukanyaga ndani ya matao. Miguu isiyo na pa kukanyaga huning'inia, na ikining'inia hufika chini ya tao.

Msumari hauna nafasi katika viungo vya chombo hiki. Kila mbembeo unavuta kiungo mbele kisha nyuma, na msumari unaovutwa hivyo hutoka polepole, siku baada ya siku, hadi kichwa chake kinachungulia kwenye paja la mtoto. Skrubu na gundi vitumike kila mahali, tobo likitobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na kichwa cha skrubu kizamishwe kisha kifukiwe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Pale mwili unaposhikana na matao, bolti nne zenye nati na washa ndizo zinazostahili.

Mabawa yanahitaji hesabu, na hesabu hii haifanywi na wengi. Ndege za Cessna Caravan ambazo shirika la kimisionari la MAF huzirusha kutoka uwanja wa Kajjansi zina mabawa juu ya dirisha. Katika ndege ya kubembea bawa la juu litamgonga mtoto kichwani anapopanda, kwa hiyo bawa liwe chini, kama la ndege kubwa za abiria. Lakini bawa la chini litakanyagwa. Mtoto atalifanya ngazi, hata akikatazwa. Ndege tupu ya kilo 10, yenye upana wa sentimita 40, ina uzito wake katikati, sentimita 20 kutoka ukingo wa tao. Kilo 10 mara 20 ni 200. Bawa la sentimita 60 linatokeza sentimita 10 kila upande. Mtoto wa kilo 15 akisimama nchani anatoa 150, na ndege inabaki imesimama. Bawa likirefushwa hadi sentimita 70, linatokeza 15, mtoto yule yule anatoa 225, na ndege inamlalia. Sentimita tano kila upande ndizo zinazotenganisha mambo haya mawili. Kwa hiyo bawa lote, kutoka ncha hadi ncha, lisizidi sentimita 60, hata kama picha ya mteja inaonyesha kubwa zaidi. Ncha zake zichorwe kwa kuzungusha mdomo wa kikombe, na kingo zote zilainishwe hadi mkono upite bila kuhisi pembe.

Propela ndiyo inayompendeza mtoto kuliko vyote, na ndiyo inayonasa vidole. Iwe nene, ncha zake ziwe duara, izunguke kwa uzito bila kukimbia. Kanuni za Ulaya za usalama wa vitu vya kuchezea zinaogopa sana nafasi iliyo kati ya milimita 5 na milimita 12 penye kitu kinachosogea, kwa sababu kidole kidogo kinaingia humo na hakitoki. Kati ya propela na pua, basi, pengo liwe chini ya milimita 5 au lizidi 12. Vitu vya kubandika kama vifuniko vya chupa kwa ajili ya saa za rubani, vifungo, au magurudumu madogo, visiwepo kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Kipimo kinachotumika duniani kwa umri huo ni bomba lenye upana wa milimita 31.7: chochote kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba. Saa za rubani zichorwe kwa rangi.

Na rangi ichaguliwe kwa makini. Risasi katika rangi ya mafuta bado ni tatizo katika nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto; inaathiri ubongo wake unaokua. Sheria ya mfano iliyotolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa inapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Mzazi adai rangi ya maji yenye lebo inayosema wazi kwamba haina risasi, na aikatae ile inayopimwa kutoka kwenye debe lisilo na jina. Asiyetaka rangi anaweza kupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kitani. Mafuta ya kupikia yasitumike, yanachacha na kunata. Matambara yaliyofuta mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa pembeni: yakikauka yamerundikana hupata joto yenyewe na huweza kuwaka moto. Yatandazwe nje kwanza, au yalowekwe majini.

Kabla ya mtoto, lipande gunia. Kilo 15 za mahindi au mchanga zifungwe kwenye kiti kwa kamba, ndege isukumwe mbele hadi mwisho, iachiwe. Irudi yenyewe. Isukumwe nyuma, iachiwe. Irudi. Gunia lihamishiwe kwenye ncha ya bawa. Isimame. Kisha mtu mzima aikalie pole pole, asikilize. Kiungo kinacholia siku ya kwanza kitalegea wiki ya kwanza, na ni rahisi kukirekebisha sasa kuliko baada ya rangi. Fundi anayekataa jaribio hili mbele ya mteja asilipwe bado.

Umri wa kuipanda ni tangu mtoto anapokaa na kusimama bila kushikwa, kama mwaka mmoja na nusu, hadi miaka minne au mitano. Ndege hii inatembea, hata yenye mpira. Baada ya mibembeo mingi itakuwa imesogea. Isiwekwe karibu na sigiri, wala mlangoni penye kizingiti, wala uani penye mteremko, na pande zote pabaki nafasi ya hatua mbili za mtu mzima. Mtoto avuliwe leso au mtandio wa shingoni kabla hajapanda. Ndugu mdogo anayetambaa asiachwe sakafuni ndege ikibembea, maana vidole vyake viko kwenye kimo cha matao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujongea mwili kila siku, na wasifungiwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa hiyo asifungwe mkanda kwenye ndege ili mama apate nafasi ya kufua. Awe huru kushuka, akimbie, arudi.

Shule za chekechea za makazi nazo zinaweza kuagiza. Haki ya kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, na ndege mbili za kubembea chini ya paa la darasa ni njia ya kuitimiza isiyohitaji umeme wala intaneti. Kwa shule, matao yawe ya mbao tatu zilizogundishwa badala ya mbili, na upana wa ndege uongezwe hadi sentimita 45 huku bawa likibaki 60. Watoto wa shule hupanda wawili wawili.

Baada ya hapo ni matunzo. Mchwa wa Isingiro hawachagui, kwa hiyo ndege isilale nje juu ya udongo hata usiku mmoja. Iinuliwe juu ya matofali au ining'inizwe ukutani. Mwanzoni mwa kila mwezi bolti nne zikazwe kwa spana, kiganja kipitishwe kingo zote kutafuta vibanzi, mpira wa chini uangaliwe kama umebanduka. Mbao hulegea zaidi mvua zinapokatika na kiangazi kinapoingia, yaani Juni na tena Desemba, na miezi hiyo nati hukubali kuzunguka nusu duara au zaidi. Tao likipata ufa, hata mwembamba, lisifungwe kwa waya wala kuzibwa kwa gundi. Litolewe, jingine likatwe kwa kulifuata lile lililobaki zima, na ndege isipandwe hadi matao yote mawili yatakapokuwa yamebanwa pamoja tena na kupigwa randa upya.